Jezi Niliyoivaa kwa Jina la Wifi

Kwa wewe uliyefungia samaki gazeti la wiki jana kabla hujanisoma, nakusaidia mara hii tu.

Miaka ishirini na sita iliyopita nilimvunja mtu pua. Aliitwa Raelene Stubbs, mlinzi wa mwisho wa timu ya Pennant Creek, na kusema kweli pua yenyewe ilikuwa na kimbelembele. Refa akanitoa nje, chama cha raga kikanisimamisha mechi nne. Mechi ya nne ikawa fainali.

Nikaicheza.

Nikaicheza kwa jina la wifi yangu Salafai, dada wa mume wangu. Wote tunaitwa Leiataua, yeye kwa kuzaliwa, mimi kwa kuolewa. Nilivaa kofia ya sponji ya kukinga masikio, nikaishusha hadi kwenye nyusi, na tope likamalizia kazi. Dakika ya mwisho nikampita Raelene yule yule, nikatua na mpira nyuma ya mstari. Trai! Kombe likaja kwetu. Sifa zikaenda kwa wifi, ambaye saa ile alikuwa kibandani anauza pai za nyama.

Leo timu yetu, Kenge wa Merriwee, ni timu ya wanawake ya kulipwa. Ina daktari wake, ina basi lake, ina hadi mtu wa kuwachemshia wachezaji mayai. Na pale uwanjani imejenga Ukuta wa Kombe, wenye majina kumi na matatu ya waliocheza fainali ile. La wifi limo. Mimi najulikana mji mzima kama yule mwendawazimu aliyepiga mtu akakosa fainali.

Tuliachana pale binti yangu Sinalei alipoingia jikoni anapiga kelele kwamba Jumamosi anaanza mechi yake ya kwanza ya kulipwa, jezi namba kumi na moja. Namba yangu ile ile. Nikamrukia, tukapiga vigelegele hadi jirani akazima mashine ya kukatia majani atusikilize vizuri.

Kwetu Kenge, jezi ya kwanza huchukui kwenye ndoano. Unakabidhiwa mbele ya wenzako, na anayekukabidhi lazima awe mmoja wa wale kumi na watatu wa ukutani.

"Nani atakupa?" nikamuuliza.

"Nimemwomba shangazi," akasema, macho yanang'aa. "Shangazi Salafai!"

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sogeza kiti.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Nimefurahi, mwanangu."

"Umefurahi na machozi yanakutoka?"

"Kitunguu."

"Mama, unamenya viazi."

Nikamwambia viazi vya siku hizi vina dawa nyingi. Akanibusu akaenda kumpigia shangazi yake simu, na mimi nikabaki na kisu mkononi nawaza mauaji madogo ya kifamilia.

Maana mtoto yule nilimfundisha mimi. Nilimfundisha uani, kati ya kamba za nguo na mapipa ya taka. Pipa jekundu lilikuwa Raelene, la kijani lilikuwa Raelene mwingine. Tangu ana miaka minne. Na nilichokuwa nakiota miaka yote hiyo ni kitu kimoja tu, kumkabidhi jezi kwa mikono yangu. Basi. Sikuota gari wala nyumba.

Nikamgeukia mume wangu Iakopo, ambaye alikuwa anakula kwa utulivu wa mtu asiyejua kinachokuja.

"Mwambie dada yako akatae."

Akaweka kijiko chini. "Tino, yule ni dada yangu."

"Najua ni dada yako. Ndiyo maana nakutuma wewe, simtumi fundi seremala."

"Wazee wetu wa Samoa walisema dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Unataka nijitie kidole jichoni?"

"Na mimi ni nini?"

Akafikiri. Sikupenda jinsi alivyofikiri muda mrefu.

"Wewe ni miwani yangu," akasema.

Ndugu msomaji, siku hiyo miwani ililala chumba cha mtoto.

Asubuhi nikaenda kwa wifi mwenyewe. Nilimkuta amekaa sebuleni, mguu juu ya stuli, na pakiti ya njegere za barafu juu ya goti.

"Karibu, wifi. Samahani siinuki, goti hili."

"Goti limefanya nini?"

"Si lile la fainali."

Jamani! Siku ya fainali mtu huyu alikaa juu ya kreti ya soda kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Jeraha pekee alilopata ni mchuzi wa pai kwenye blauzi. Lakini tangu klabu ijenge ule ukuta, wifi ameanza kuchechemea. Huchechemea kanisani, huchechemea sokoni, na akienda kuwahutubia wasichana wa shule huchechemea miguu yote miwili.

"Salafai," nikasema, "hapa tuko wawili. Goti hilo uliliumiza wapi?"

"Linauma tu, wifi. Likiuma huwa halinielezi sababu."

Nikavuta pumzi. Mbele ya dada wa mume huwezi kupandisha sauti, si kwetu. Anakaa juu, wewe unakaa chini, hata kama kochi ni moja.

"Nimekuja kuomba. Jumamosi useme unaumwa. Goti unalo tayari. Kocha wetu wa zamani, Dot, atanipa nafasi nimkabidhi mwanangu jezi kimya kimya, hakuna atakayejua kitu."

"Mtoto kaniomba mwenyewe."

"Kakuomba kwa sababu hajui."

"Na asijue." Akageuza pakiti ya njegere upande wa pili. "Kwani nani alikuja kwangu analia, 'Wifi niazime jina, wifi niokoe'? Nilikuja mimi kwako?"

"Niliazima. Kitu cha kuazima hurudishwa."

"Ukakirudisha. Kimerudi na trai ndani, ni changu."

Nilitaka kucheka na kumtia kofi kwa wakati mmoja. Nikamtupia methali badala yake, maana methali haishtakiwi.

"Nguo ya kuazima, wifi, haisitiri matako."

"Yangu yamesitirika miaka ishirini na sita," akasema. "Sijasikia baridi."

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kutafuta viatu vyangu mlangoni. Ndipo aliposema, bila kunitazama:

"Unajua jina langu liliingiaje kwenye ile fomu ya timu?"

"Dot alikuandika. Chama kilitaka majina mengi."

"Nilijiandika mwenyewe. Nilikuwa wa pili baada ya Dot. Nikanunua na viatu." Akaacha kushika goti. "Baba akasema binti wa mchungaji haonyeshi mapaja mbele ya watu. Wewe alikuachia. Mapaja yako yalikuwa ya mume wako, mapaja yangu yalikuwa ya kanisa. Nikapewa kibanda. Misimu mitatu nilikaa pale nawatazama mnavyochafuka, na mimi nanuka vitunguu. Siku moja hukuniuliza, wifi. Siku moja! Hukuniuliza kama nilitaka."

Kweli sikuwahi kumuuliza. Nilidhani anapenda pai.

"Viatu vilikwenda wapi?" nikauliza, ili niseme chochote.

"Si ulivivaa kwenye fainali? Vyako vilikuwa vimefungiwa na chama pamoja na wewe?"

Nikakumbuka. Viatu vyeusi, vipya, vimenizidi nusu kidole. Nilivikuta kwenye mfuko wake nikavivaa bila hata kushangaa kwamba muuza pai ana viatu vya raga.

Nikatoka pale sina jezi, sina heshima, nimebeba bakuli la tambi za sapasui. Hata mkigombana, nyumba ya Msamoa hutoki mikono mitupu.

Lakini mimi ni mkaidi, hilo mnalijua tangu sehemu ya kwanza. Huruma nilimwonea, ndiyo. Kumkabidhi mwanangu jezi nilikutaka vilevile. Nikaenda kwa Dot.

Dot Hanrahan ndiye aliyeianzisha timu. Alikuwa dereva wa gari la mkate, mwanamke mfupi mwenye sauti ya honi, na sasa ana miaka sabini na sita na nyonga ya chuma. Historia yote ya Kenge iko nyumbani kwake, ndani ya makopo ya biskuti.

"Kaa," akaniambia. "Si hapo! Hapo kuna msimu wa tisini na sita."

Nikaketi chini.

Ninyi mnaowaona mabinti wa leo na jezi za kuwakaa mwilini, mngetuona sisi! Dot alipoenda kuomba jezi, katibu wa klabu ya wanaume alimjibu kwamba wanawake wa kufua jezi anao, wa kuzivaa hawahitaji. Dot hakubishana. Akaenda kule nyuma, akachukua jezi za wanaume zilizokuwa zinangoja kufuliwa, akatuvika hivyo hivyo na jasho lao. Mechi ya kwanza tulinuka hivi kwamba wapinzani walikuwa wanatuangusha na kukimbia. Tulishinda.

Nguo tulibadilishia ndani ya gari la mkate. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkate wa moto natafuta viatu.

"Kocha," nikasema, maana sijawahi kuweza kumwita Dot kwa jina mbele yake, "wewe unajua nani alicheza ile fainali."

"Nilikuwa kocha, sikuwa kipofu. Nilikuwa na wachezaji kumi na wawili na mmoja wao ana surua. Ungekuja na jina la mbuzi ningekuingiza."

"Basi nataka kusema ukweli."

Dot akafunga kopo alilokuwa analifungua.

"Kwa nani?"

"Kwa klabu. Wabadilishe jina moja tu ukutani. Namba kumi na moja. Nimkabidhi mwanangu jezi."

"Moja tu." Akacheka, lakini haikuwa furaha. "Tino, wewe ulikuwa umefungiwa. Ukisema ulicheza, halibadiliki jina moja, yanafutika kumi na matatu. Kanuni ile haijazeeka kama mimi. Kombe linakwenda Pennant Creek."

"Baada ya miaka ishirini na sita?"

"Ukuta bado haujatiwa sahihi. Chama kinaleta mtu Jumamosi kuhakiki kumbukumbu na kutia sahihi kabla ya mechi. Akisaini, yamekwisha, hakuna wa kugusa tena. Asiposaini..." Akanyoosha mkono, akagonga kopo moja la bluu. "Unamkumbuka Noeline?"

Nani atamsahau Noeline! Jitu la kike, mpishi wa hospitali, alikuwa akikukumbatia unasahau siku. Tulimzika miaka minne iliyopita.

"Watoto wake walimwandikia 'Bingwa' kwenye kaburi," Dot akasema. "Utaenda kulifuta wewe, au nitume mtu?"

Nikawahesabu kichwani. Wanawake kumi na wawili. Wengine hawakuwahi kupata sifa nyingine yoyote duniani zaidi ya ile ya saa moja na robo kwenye tope.

"Basi nitanyamaza," nikasema.

"Nyamaza. Piga makofi, gawa mikate yako, ukalie chooni kama watu wazima."

"Na huyo mtu wa chama ni nani?"

Dot akakuna nyonga. Mtu akikuna chuma ujue anatafuta maneno.

"Raelene Stubbs," akasema.

Loo!

Jumamosi nikafika uwanjani na trei ya panipopo, mikate yetu ya tui la nazi, kwa sababu mwanamke mwenye trei haulizwi anafanya nini mahali. Nilijiapiza kwa jina la marehemu Noeline kwamba sitafungua mdomo ila kwa kutafuna.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimejaa. Mabinti kumi na saba wa leo wamekaa kwenye mabenchi, wamefungwa plasta, wananuka dawa ya kuchua. Wazee wa ukutani waliobaki wamesimama nyuma, tisa, kila mmoja na dawa zake za presha kwenye mkoba. Kijana wa klabu mwenye suruali ya kumbana alikuwa na kamera. Mume wangu alisimama karibu na mlango, katikati kabisa, mboni upande huu na miwani upande ule.

Na pembeni ya meza, na faili kwapani na kalamu mkononi, Raelene.

Kazeeka vizuri, sitamnyima. Ila pua imelala kushoto.

"Fuatino," akaniita kwa jina langu zima. "Bado unarusha viwiko?"

"Nimestaafu."

"Pole kwa ile fainali uliyoikosa."

"Nilikuwa na adhabu."

"Nakumbuka. Nikipiga chafya nakumbuka vizuri zaidi."

Nikampa mkate. Akaupokea. Nikahamia upande wa pili wa chumba haraka, trei mbele kama ngao.

Akaingia wifi. Gauni la bluu, kofia nyeupe ya kanisani, anachechemea kwa madaha. Mabinti wakasimama wote. Wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, kwa kidole kimoja, sababu ya trei.

Kijana wa suruali akamkabidhi jezi ya kijani, namba kumi na moja mgongoni. Wifi akaikunjua taratibu. Akaipapasa ile namba mara mbili, na nikajua hilo halikuwa la kuigiza.

"Tusimulie ile trai, shangazi!" binti mmoja akapaza sauti. Wote wanamwita shangazi siku hizi.

"Aah, mimi si mtu wa kujisifu," akasema wifi, kisha akajisifu. "Nilipokea mpira kwenye mstari wa kati. Nikawapita watano."

"Wawili," akasema Dot kutoka kwenye kiti.

"Wawili wakubwa. Kila mmoja kama wawili na nusu."

Mabinti wakacheka. Nikacheka na mimi, nisiseme uongo. Kwenye msafara wa mamba kenge nao wamo, na huyu wangu alikuwa anaongoza msafara na kofia nyeupe kichwani.

"Na yule wa mwisho, shangazi?" Alikuwa Sinalei. Amekaa mbele kabisa, hana jezi bado, mikono juu ya magoti. "Mlinzi wa mwisho ulimpitaje?"

Wifi akasita. Sehemu hiyo hakuwahi kuiona. Alikuwa ameinama kuhesabu chenji.

"Kwa imani," akasema.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Raelene alitabasamu na upande mmoja wa pua.

"Mimi leo nikikutana na mlinzi wao wa mwisho," akasema Sinalei, na akaruka kutoka kwenye benchi akachukua mpira, "nitafanya hivi."

Nikataka kupiga kelele. Trei ikanilemea.

Msomaji, nikuungamie jambo jingine maana nimeshaanza. Ile trai yangu maarufu haikuwa ufundi. Nilijikwaa. Viatu vya wifi vilikuwa vimenizidi, kiatu cha kulia kikatangulia mguu, nikaenda chini kifudifudi, goti likabakiza unywele kugusa majani. Raelene akanirukia, akapita juu yangu kama pazia. Nami nikainuka kwa kushoto nikakuta uwanja mtupu. Baadaye nilikaa uani miaka mingi nikijifunza kujikwaa vile vile kwa makusudi, na mtoto alipokua nikamfundisha. Nyumbani mwendo huo tunauita Mlevi wa Jumapili. Mahali pengine hujawahi kuuona, kwa sababu mtu mwenye akili hawezi kuubuni.

Sinalei akachukua hatua tatu. Akajikwaa. Mabinti wakashtuka "Eee!" Goti likakaribia sakafu, mwenzake aliyejifanya mlinzi akamrukia akakumbatia hewa, na mwanangu akainuka kwa kushoto akasimama mbele ya meza, anacheka, mpira kwapani.

Mbele ya Raelene.

Kalamu ilianguka. Ilibingirika hadi chini ya benchi na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Rudia," akasema Raelene.

Sinalei akarudia. Asiyejua maana haambiwi maana, alirudia vizuri zaidi ya mwanzo.

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Mama yako yupi?"

"Yule pale mwenye trei."

"Aliyekosa fainali."

"Ndiyo," akasema Sinalei, na nikaona kicheko kinaanza kumtoka usoni kidogo kidogo, kama mtu anayejumlisha kitu kichwani na jibu linakataa.

Raelene akaweka faili mezani. Wazee wa ukutani waliacha kutafuna. Dot alitazama dari.

"Huo mwendo nimeuona mara moja tu maishani," Raelene akasema. "Mwaka mzima nilikuwa nikifumba macho nauona. Watu waliniambia niliteleza. Mume wangu aliniambia niliteleza. Sikuteleza." Akamtazama wifi, kisha mimi, kisha wifi. "Ninyi wawili. Yupi kati yenu alinipita?"

Kamera ya yule kijana ilikuwa na taa nyekundu. Haikuzimika.

"Mama?" akasema Sinalei.

Nilitazama viatu vyangu. Nilimfikiria Noeline na lile jiwe lake. Nikasema moyoni, Salafai, danganya. Danganya, dada yangu, umezoea, sema ni wewe, sema mtoto nilimfundisha kwa kukuangalia, sema lolote, huyu mama asaini twende zetu.

Wifi akafungua mdomo. Alikuwa na uongo mzuri, niliuona unakuja, namjua. Kisha akamtazama Sinalei, aliyesimama pale na singlendi yake nyeupe, mtoto mkubwa asiye na jezi, ananitazama mimi tu.

Akaufunga.

Akaanza kutembea. Akapita katikati ya mabinti, mbele ya Dot, mbele ya kaka yake ambaye aliinamisha kichwa kumpisha. Chumba ni kirefu. Alikuwa amefika nusu yake nilipong'amua kwamba hachechemei.

Akasimama mbele yangu. Dada wa mume wangu, mboni ya jicho, mtu ambaye siwezi kumpokonya hata kijiko. Akanyoosha mikono yote miwili, na jezi juu yake, kama unavyompa mtu aliyekuzidi.

"Nimeivaa vya kutosha, wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Inanibana."

Nyuma yake Raelene alikuwa ameinama kuitafuta kalamu chini ya benchi. Nikamsikia akiipata. Nikamsikia akifungua faili; kama ni kusaini au kukataa, sikungoja kujua.

Mikono yangu ilikuwa imejaa mikate.

Nikaiweka trei chini.